Mkabe Hamis

Wengine hupata wachumba harusini. Badria wa Ilala alimpata wake Kariakoo, Mtaa wa Kongo, jua la utosini, amevaa dera la bluu na raba, akitafuta ndoo mbili zikatwe vitako.

"Dada, ndoo bila kitako utachotea nini?" akauliza muuza ndoo, Mwinyimvua, kijana mrefu mwenye shati lililonyooshwa utadhani ni Idi.

"Mabao," Badria akamjibu.

Akamweleza kwamba anafundisha korfboli kwenye uwanja mmoja Upanga. Kila timu ina wanawake wanne na wanaume wanne, mpira unatupiwa kikapuni, na ukiudaka hukimbii nao. Hata wasiojua kitu wanakaribishwa. Mwinyimvua akakata vitako huku akicheka, na Jumamosi akawa wa kwanza kufika. Hakufuata mpira, tusidanganyane.

Basi kasheshe ikaanzia hapo. Badria alimpanga timu pinzani, na kila Mwinyimvua alipomsogelea kumzuia asifunge, Badria alipuliza filimbi.

"Wewe mkabe Hamis," Badria alimwambia.

Huyo Hamis alikuwa timu moja na Badria, wanapasiana na kucheka. Filimbi ya tatu ilipolia, watu wakaangua kicheko, na Mwinyimvua akaamini kwamba Hamis ndiye mwenye mali. Akaondoka bila kuaga. Wiki nzima Badria alipiga simu, hazikupokewa.

Ijumaa akaibuka dukani mwenyewe, mtandio umemwanguka begani, macho mekundu. Mwinyimvua akamwambia wazi kwamba alimfukuza mbele za watu.

"Ni sheria ya mchezo, Mwinyi. Mwanamume anamkaba mwanamume, mwanamke anamkaba mwanamke. Nilisahau kukwambia. Ulivyotokea pale nilisahau hata jina langu."

"Na Hamis?"

"Hamis ana mke na watoto. Wewe nilikuweka upande wa pili kwa sababu ukiwa karibu yangu sifundishi kitu. Nakupenda, basi. Nimesema."

Wateja wawili wakaacha kuchagua mabeseni, wakasikiliza bila aibu. Mwinyimvua akachukua simu, akapiga.

"Shikamoo, mjomba. Jumapili una nafasi? Nataka ukaniposee, nyumba iko Ilala."

Badria akajifunika uso kwa mtandio. Kisha akasema taratibu, mjomba aambiwe wasifike kabla ya alasiri, mama atakuwa bado anapika.