Nilimwambia Mtani Wangu "No Big Deal"

Nina miaka kumi na sita, nipo kidato cha tatu hapa Chanika, na nimechoka kama mzee anayefuatilia mafao. Mie, ambaye darasa zima lilisubiriaga nifungue mdomo licheke!

Kiingereza ndicho kilichoniponza. Madam alitufundisha "no big deal": si kitu, usijali. Akaonya kwamba mwenye haki ya kuyasema maneno hayo ni aliyekanyagwa, siyo aliyekanyaga. Nani alisikiliza? Nilidaka nusu nikaigeuza wimbo. Nimechelewa namba ya asubuhi? No big deal. Nimevunja kiti cha watu? No big deal!

Niliyekaa naye dawati moja ni Shija, Mnyamwezi. Mie Mzaramo, kwa hiyo watani; tumetukanana tangu darasa la kwanza na hakuna aliyenuna.

Mwaka huu mama yake akafariki. Alikuwa muuza vitumbua, kifua kikamsumbua miezi mingi... Msibani watani tuna kazi yetu, kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke kidogo. Shija akanivuta pembeni, macho mekundu.

"Mtani, fanya yote. Ila kikohozi chake usiguse. Ndicho nilichokisikia mwisho."

Nikamwapia.

Nikajifunga kanga ya marehemu, nikageuza vitumbua vya hewa, nikaita kwa sauti yake, "Shijaaa, moto unazima huo!" Watu wakaangua kicheko. Hata Shija alitabasamu... Jamani, kicheko kinalewesha! Nikataka kingine.

Nikakohoa.

Shija akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Nikamfuata, na mnajua nilimwambia nini? "Aah mtani, no big deal, utani tu huo!"

Alinivua ile kanga, akaikunja taratibu, akaondoka nayo.

Aliporudi shule alihamia dawati la nyuma. Nimeomba radhi kwa mdomo, kwa barua, nikamtuma hadi babu yangu. Nifanye nini tena?

Wenzangu mnaonisoma, nawasihi, uzito wa mzigo muulizeni aliyeubeba. Ukimuumiza mtu, usimpimie na maumivu yake! Nyamaza, omba radhi mapema.

Mie nimechelewa. Juzi nilimfuata tena, nikalia mbele ya watu, mie wa kulia! Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa. Kisha akasema:

"No big deal, Kondo."

Kondo ndilo jina langu. Miaka yote hiyo Shija hakuwahi kulitumia... aliniita mtani tu.