Mtalii wa Miaka Kumi na Moja

Saa 3:00 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha fundi cherehani, mtaa wa Mouraria, Lisbon. Pazia limefungwa. Leopoldina, bosi ambaye Anselmo na Quim walimwita Dina, alitandaza ramani juu ya meza ya kukatia nguo.

"Mama wa Kinorwei. Ragnhild. Mjane, yuko peke yake. Saa sita anapeleka zumaridi kwa sonara, na kabla ya hapo atapita kilima cha Graça kutazama mji, kama kila siku. Mkoba wa kahawia. Anselmo, unampa kamera akupige picha. Mikono ikijaa, mkoba utashuka chini. Quim, unaufagia. Mimi niko garini, kona ya kanisa. Asiyefika kwa wakati, aende kwa miguu."

"Au kwa gari la polisi," Quim alisema, akacheka peke yake.

Dina alimgeukia Anselmo. "Picha za zamani kwenye kamera umefuta?"

"Nimefuta."

Uongo. Hakuwahi kufuta hata moja.

Saa 4:20.

Anselmo alizaliwa mitaa mitatu kutoka pale. Lakini kwa ile kofia ya majani, kamera shingoni na soksi ndani ya sandali, muuza kahawa alimbamiza bei ya wageni. Akalipa bila kubisha. Miaka kumi na moja alikuwa mtalii katika mji wake mwenyewe. Mkewe aliondoka zamani na albamu zote. Siku hizi waliompiga picha ni wale tu waliokuwa wanaibiwa. Kila Jumapili alikaa jikoni akizitazama moja moja, supu ikipoa.

Saa 4:41.

"Samahani, mama. Unipige picha moja?" Kiingereza cha kubabaisha.

Ragnhild aliipokea kamera. "Uko peke yako?"

"Peke yangu."

"Na mimi pia. Haya, simama vizuri hapo ukutani. Usikunje uso kama unang'olewa jino!"

Anselmo alicheka. Kicheko cha kweli, kikamtoka kabla hajakizuia. Mkoba ulikuwa chini, pembeni ya kiatu cha yule mama. Quim akapita nyuma yake, akainama kama anafunga kamba ya kiatu. Alipoinuka, mkoba haupo.

Kazi imekwisha. Ilibaki kuchukua kamera, kushukuru, kuondoka polepole.

"Ngoja nione kama imetoka," Ragnhild alisema. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Tabasamu likapungua. "Ukuta ni huu huu. Kofia hii hii. Hapa una ndevu nyeusi. Hapa zina mvi." Akainua macho. "Bwana, unatalii hapa tangu lini?"

Anselmo alinyoosha mkono achukue kamera. Ragnhild akatazama chini.

"Mkoba wangu! Mwizi! Polisi!"

Simu ikatetemeka mfukoni. Dina.

"Quim ameshafika. Uko wapi?"

"Kamera anayo yeye."

"Iache, mjinga wewe! Utanunua nyingine."

"Picha zimo, Dina. Zote."



"Ulisema umefuta."

"Nipe dakika moja tu."

"Kwaheri, mtalii."

Sauti ya gari aliisikia mara mbili: kwenye simu, na kutoka kona ya kanisa. Likateremka mlima.

Ngazi zilikuwa kushoto kwake. Hatua tatu, kisha vichochoro alimozoea kukimbia tangu utotoni. Hakuna askari ambaye angempata humo. Lakini angefika nyumbani mikono mitupu, akae jikoni, na pasiwe na kitu cha kutazama.

Akamgeukia yule mama.

"Nipe," alisema kwa Kireno. Hakukumbuka tena kujifanya mgeni. "Tafadhali, mama. Sina nyingine."

Ragnhild aliikumbatia kamera kifuani, akarudi nyuma. Askari wawili walikuja mbio. Mmoja akamshika Anselmo mkono wa kulia, mwingine wa kushoto.

Saa 4:49.

"Mshikeni hivyo hivyo," Ragnhild alisema. Akainua kamera. "Nataka sura yake ionekane."

Askari wa kulia alimzungushia mkono mabegani ili asichomoke. Wa kushoto akamsogelea zaidi. Anselmo akanyoosha shingo, akasimama vizuri.

Kamera ikalia. Kati ya picha zote zilizokuwa ndani yake, hiyo ilikuwa ya kwanza aliyosimama na watu.