Mlio wa Stoo

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imefika barabarani, na mfamasia alikuwa anaigombeza kompyuta. Alivaa gauni la kijani chini ya koti jeupe, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Nyuma ya watu sita alisimama fundi wa kompyuta, aliyekuja kununua dawa ya kikohozi tu.

"Dada, hiyo haisikii matusi," alisema. "Hiyo inatumia mfumo huria, ule usioficha kitu. Ukiiuliza vizuri, inakwambia yenyewe inaumwa wapi."

"Wewe ndiye mganga wake?"

"Fundi wake. Nipishe dakika tatu."

Aliandika mistari miwili kwenye skrini nyeusi, akasoma majibu, akainama chini ya meza na kukaza waya wa mtandao uliolegea. Foleni ikashangilia. Dawa ya kikohozi akaisahau, na ndiyo maana, alivyodai baadaye, ilimbidi arudi kesho yake, na kesho kutwa.

Basi wakapendana. Fundi alimwita "daktari wangu", naye mfamasia akamwita "Kikohozi".

"Kikohozi, umekula?"

"Nitakulaje hujaniuliza?"

"Si ndiyo nakuuliza, jamani!"

Fundi alijua kwamba mpenzi wake ni mjane, na kwamba marehemu mumewe naye alikuwa mtu wa kompyuta. Zaidi ya hapo hakuchokonoa.

Jumamosi moja mfamasia akamwacha nyumbani kwake na kwenda kazini. Mtandao wa nyumba ulikuwa ukikatika kila mfamasia alipowasha kompyuta yake mpya. Fundi aliiulizauliza kompyuta hiyo mpaka akapata jibu: kompyuta mbili zilikuwa zinadai anwani moja ya mtandao. Ya pili iko wapi? Alifuata waya ukutani mpaka stoo. Nyuma ya ndoo na mabegi palikuwa na kompyuta kuukuu, haina skrini, vumbi tele, taa yake ya kijani ikipepesa. Akadhani imesahauliwa. Akaichomoa, mtandao ukatulia, naye akaondoka akipiga mluzi.

Saa kumi jioni simu yake ikalia.

"Umegusa nini stoo?"

"Ile mashine ya zamani? Ndiyo iliyokuwa inakuvuruga, mpenzi. Nimeizima."

"Nimeingia ndani, na nyumba haijasema kitu."

"Sijakuelewa."

"Aliitengeneza marehemu. Simu yangu ikishika mtandao wa nyumbani, mashine inalia mara mbili. Pii, pii. Miaka minne sijaingia kwenye nyumba iliyonyamaza. Leo nimesimama sebuleni kama mgeni. Nimeichomeka tena, taa inawaka, lakini hailii. Umemuua mara ya pili."

Akakata.

Siku tisa hakupokea simu. Fundi alikosa usingizi. Siku ya kumi ukaja ujumbe: "Njoo uitengeneze. Ukimaliza, nenda zako."

Alimkuta mfamasia kavaa gauni jeusi, mikono kaikunja kifuani. Akachuchumaa stoo, akaunganisha skrini ndogo. Betri ya ndani ilikuwa imekufa, na saa ya mashine imerudi nyuma miaka kumi na moja. Kwa saa ile, marehemu alikuwa bado hai.

"Inasoma tarehe ya zamani," alisema kwa sauti ndogo. "Niilete mpaka leo?"

Mfamasia akaigusa ile tarehe kwa kidole.

"Ilete."

Akabadilisha betri, akachomoa kadi ya mtandao na kusugua kwa raba meno yake ya shaba yaliyochafuka. Akasoma maagizo ya marehemu: simu ya mke, mara mbili, simu yangu, mara tatu. Akaiwasha.

Pii, pii.

Mfamasia akafumba macho, machozi yakamtoka.

Pii, pii, pii.

Bisibisi ikamponyoka fundi. "Mara tatu ni yeye! Nani kaingia?"

"Simu yake," mfamasia alinong'ona. "Nyumba iliponyamaza niliitoa kabatini, nikaichaji. Nilitaka tu kitu chake kiwake."

Akaenda chumbani kuizima. Aliporudi, akaketi sakafuni karibu na fundi.

"Nisamehe," fundi alisema. "Ningeuliza kabla ya kuchomoa. Kompyuta yako mpya nimeipa anwani nyingine. Yeye abaki na yake."

"Andika na simu yako humo. Ilie mara moja."

"Hapana, daktari wangu. Hayo ni maneno yenu wawili. Mimi nitapiga hodi."

"Kila siku?"

"Kila siku, mpaka unioe."

Mfamasia akacheka huku analia. "Mwanamume haolewi, Kikohozi."

"Basi nikuoe mimi."

Mfamasia akainuka, akarudi na funguo mbili zinazofanana, akamwekea mmoja kiganjani.

"Shika wangu," alisema. "Wa marehemu nitatumia mimi."