Glasi ya Mwalimu Kefa

"Hii haina jin."

Ngendo aliyasema maneno hayo polepole, kama mtu anayetangaza msiba, kisha akairudisha glasi mezani. Kefa aliacha kutafuna karanga. Ilikuwa jioni, baa moja ya Nanyuki yenye viti vya mbao na dirisha kubwa linalotazama mlima, ingawa mlima wenyewe ulikuwa umejifunika mawingu, pengine kwa aibu ya yale yaliyokuwa yanakuja.

"Labda ni barafu imeyeyuka," Kefa akasema.

"Barafu haimezi jin, mwalimu."

Hapo yafaa msomaji aketi vizuri na kuelezwa. Ngendo alikuwa mpima damu katika hospitali moja ya Nyeri. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa alichoma watu sindano, na Jumamosi jioni alitafuta baa zenye jin nzuri. Alikuwa na ukurasa mtandaoni uitwao Ndimu na Barafu, usio na jina lake wala sura yake, ila picha za glasi tu. Watu wa Nyeri, Karatina na hata Embu waliusoma kabla ya kutoka nyumbani. Ni yeye aliyegundua baa ya ghorofani pale Karatina inayotia jin ndani ya maji ya matunda damu. Ni yeye aliyewaonya watu kuhusu Kiriaini, mahali alipoletewa jin katika kikombe cha chai, na alipouliza glasi, akaambiwa glasi ziko na wageni.

Chini ya kila picha palikuwa na alama za watu wawili: zake, na za mtu aliyemwita Mwenzangu. Mwenzangu ndiye Kefa, mwalimu wa kemia katika shule ya bweni ya wavulana, kijana wa Kisii aliyeletwa Nyeri na barua ya serikali. Wanafunzi walimwita Litimasi, ile karatasi ya maabara inayobadilika rangi, kwa kuwa uso wake haukuweza kuficha kitu. Kila alipopiga funda la kwanza alikunja uso vibaya sana, na Ngendo akawaandikia wasomaji kwamba Mwenzangu si mtu wa kuridhika ovyo.

Sasa Ngendo alimwita mhudumu, akamwambia kwa upole kwamba ameuziwa toniki tupu.

Mhudumu, jina lake Beverlyne, alizitazama glasi mbili, akashika kichwa.

"Sorry, madam. Nimezichanganya. Hiyo ni ya mwalimu. Yako ni ile iko mbele yake."

"Ya mwalimu haina jin?"

"Yake huwa haina. Hata nikiwa Karatina, kabla nihamie huku, ndiyo hiyo nilikuwa namwekea."

Kisha Beverlyne akamwona Kefa akitikisa kichwa kidogo, akaelewa alichofanya, akakumbuka ghafla kwamba anaitwa jikoni, na baa ile haikuwa na jiko.

Kefa hakungoja kuulizwa. Alitoa simu yake, akatafuta meseji aliyotuma mchana, akamsogezea Ngendo. Ilisema hivi:

"Habari ya mchana. Mimi ni Kefa. Leo jioni nakuja na mgeni. Yangu iwe toniki, barafu na ndimu, bila jin, lakini katika glasi ile ile ya jin. Tafadhali asijue. Mungu awabariki kwa kazi yenu."

Ngendo aliisoma. Akarudi kwenye orodha ya meseji, akakuta nyingine kama hiyo iliyotumwa Murang'a, nyingine Wang'uru, nyingine nyingi za Nyeri mjini. Zote zilimalizika kwa baraka.

"Kwa hivyo toka huku mpaka Mwea weita wote wanajua," akasema, "na mimi ndiye nimekaa hapo katikati nikiandika alama."

"Mimi ni Msabato, Ngendo. Sijawahi kunywa pombe. Ile siku ya kwanza uliniuliza nakunywa jin gani, nikaona nikisema sinywi utamaliza yako uende."

"Kumbe hiyo ya kuniambia kila mara tukutane jua likishazama..."

"Sabato inaisha jua likizama."

"Mimi nilidhani ni mahaba."

"Ilikuwa yote mawili."

Ngendo hakucheka. Alimwuliza kuhusu mtarakwa, maana mara moja Kefa alisema jin fulani inanukia kama mtarakwa uliopasuliwa, na wasomaji walilipenda neno hilo kwa wiki nzima. Kefa akasema hilo lilikuwa kweli. Alikuwa ameinusa glasi ya Ngendo, mwenyewe alipogeuka kuita bili.

"Ulikuwa unaniona mtenda dhambi?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa unaniona mjinga."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Kefa alibaki na glasi mbili, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu wa kumfichia ni ipi yake.

Sasa, jambo hilo lingekuwa dogo, la kununiana na kupatana, kama si tarehe. Wiki mbili baadaye, Jumatatu ya sikukuu, watu wa Kefa walikuwa wanakuja nyumbani kwa kina Ngendo, Tetu, kwa ruracio, yaani kumtolea Ngendo mahari. Wazee wa pande zote walikuwa wamekubaliana, hema lilikuwa limekodiwa, na mbuzi walikuwa wanaangaliwa kwa jicho baya. Na kwa desturi ya huko, upande wa mvulana huleta muratina, pombe ya asali, lakini hakuna mzee anayeigusa mpaka msichana apewe pembe iliyojazwa na aulizwe mbele ya watu wote: tuinywe, au tusiinywe? Akiipiga funda na kumpa baba yake, amekubali kuolewa. Akiirudisha, wageni hubeba kibuyu chao na kwenda zao.

Kefa alipiga simu siku tatu. Haikushikwa. Mwishoni akaandika meseji moja, akaacha:

"Sikuombi unijibu. Naomba tu ukiulizwa siku hiyo useme yaliyo moyoni, hata kama ni hapana. Uongo wangu unatutosha sote wawili."

Ngendo aliisoma akiwa kazini. Mgonjwa aliyekuwa amenyoosha mkono akamwuliza kama majibu ni mabaya.

Ukurasa ulinyamaza. Wasomaji waliuliza Ndimu na Barafu imeenda wapi, kama imeokoka. Mtu mmoja tu hakuuliza, yule ajiitaye Mama Maua, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kupenda kila picha.

Siku mbili kabla ya sikukuu, Ngendo aliketi jikoni Tetu akimenya viazi na mama yake, Wangui, mwimbaji wa kanisa na mzazi asiye na haraka. Akamwuliza kama angekasirika wazee wakiambiwa wasinywe.

Wangui aliendelea kumenya. "Amefanya nini?"

"Alinidanganya, Maitu. Karibu mwaka mzima."

"Ako na bibi mwingine?"

"Hapana."

"Mtoto?"

"Hapana. Alisema anakunywa pombe, kumbe hanywi."

Kisu kilisimama. Wangui alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anayetafuta alama ya homa.

"Hebu rudia."

Ngendo akarudia, akaeleza yote, toka meseji hadi karanga. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Huku kwetu wanawake wamelia miaka na miaka kwa kinyume cha hiyo," akasema. "Mimi mwenyewe nimesuluhisha nyingi. Hii ndiyo ya kwanza naletewa."

"Si pombe inaniuma. Ni vile kila mtu alijua, mimi sijui. Nimekaa kwa meza na mtu, nikidhani tunaonja kitu kimoja."

"Hiyo naielewa," Wangui akasema, akachukua kiazi kingine. "Hata mimi kuna mtu huniambia kila Jumamosi anaenda mazoezi ya kwaya. Na hajawahi kuniimbia hata wimbo mmoja."

Maji yalichemka yakamwagika motoni na hakuna aliyeinuka.

"Ile ya Karatina uliipa alama nyingi mno," mama akaendelea. "Ndimu ilikuwa imekauka. Hata kwa picha inaonekana."

"Maitu. Wewe ndiye Mama Maua?"

"Mimi ndiye. Vidole vinavyoshika hizo glasi nilivizaa mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe uniambie."

Ngendo aliinamia viazi. Alisema hilo si sawa na la Kefa, kwamba yeye alimficha mama yake kwa kumheshimu. Wangui akamwuliza, na Kefa alimficha kwa sababu gani? Ngendo akajibu hajui.

"Basi muulize. Lakini usimwulize gizani. Amefanya siri na baa zote za mlima huu, acha aifungue mbele ya watu. Ukimwona anajificha nyuma ya maneno, rudisha pembe. Baba yako nitampoza mimi."

Jumatatu wageni walifika. Mbele alikuja mama yake Kefa, Keziah, katika kilemba cheupe kilichosimama wima kama nidhamu. Nyuma yake alikuja mjomba Steve, Msabato wa kuzaliwa, akiwa amebeba kibuyu cha muratina mbali na mwili wake, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani aliyelowa. Kefa alikuja mwisho. Alikuwa amekonda.

Maneno ya wazee yalichukua mchana. Hatimaye msemaji wa nyumba, mzee Mathenge, alijaza pembe ya ng'ombe, akamwita Ngendo mbele ya hema.

"Msichana wetu, watu hawa wametuletea pombe. Sisi hatuwezi kuigusa bila wewe. Tuinywe, au tuiache?"

Ngendo alipokea pembe. Hakuipeleka mdomoni. Alisema kabla ya kujibu ana neno na Kefa, na mzee Mathenge, ambaye hakuwahi kuona hilo tangu aanze kusemea watu, akasogea tu. Ngendo akavuka nafasi iliyokuwa katikati ya pande mbili, akasimama mbele ya Kefa, akamwinulia pembe chini ya pua.

"Niambie hii ina ladha gani."

Kefa aliitazama pembe. Akamtazama mama yake. Uso wa Litimasi ukafanya kazi yake yote mbele ya kadamnasi.

"Sijui," akasema.

"Umekuwa ukinipa alama mwaka mzima."

"Sijui, Ngendo. Sijawahi kuonja pombe. Nilikudanganya. Baa zote tulizoingia nilikunywa toniki nikajifanya ni jin, na nikawaomba wahudumu wanifichie. Nilikufanya uwe peke yako na hukujua uko peke yako. Naomba msamaha."

Upande wa Wakisii, kilemba cheupe kiligeuka taratibu.

"Baa zote?" Keziah akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini?" Ngendo akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya mpima damu.

"Wewe ukionja kitu, unafunga macho kwanza, kabla hujasema lolote. Nilitaka kuwa hapo ukiyafungua."

Hata wajomba, ambao hukohoa katika kila hema la nchi hii, hawakukohoa.

Ngendo aliinua pembe, akapiga funda. Akafunga macho. Muratina ilikuwa kali kidogo, yenye asali nyuma na moshi mbali sana, na angeipa alama nzuri. Akayafungua. Kefa alikuwa hapo hapo, ameshika pumzi.

Akageuka, akampelekea baba yake pembe kwa mikono miwili.

"Kunyweni," akasema.

Vigelegele vilipanda hadi kwenye migomba ya jirani. Wangui alikuwa wa kwanza kupiga, kama kawaida yake. Kisha Ngendo akaingia jikoni, akarudi na glasi ndefu: toniki, barafu, kipande cha ndimu ambacho hakikuwa kimekauka. Akampa Kefa mbele ya kila mtu, bila meseji na bila siri.

"Hii ndiyo yako. Na kuanzia leo utaipa alama zake."

Kabla Kefa hajaipokea, mkono ukaingia katikati. Ulikuwa wa Keziah.

"Hii ndiyo ulikuwa unakunywa?"

"Ndiyo, Mama. Haina pombe."

Keziah akanusa, akaonja. Kilemba kikatetemeka. Akameza kwa shida, akafuta mdomo kwa leso.

"Ni chungu kama dawa ya malaria."

"Ndiyo."

"Kila Jumamosi?"

"Jua likishazama, Mama."

"Na unaipenda?"

"Siipendi hata kidogo."

Keziah alimrudishia glasi. Akamtazama Ngendo toka viatu hadi nywele, kama anayemwona sasa tu, kisha akamshika mkono.

"Msichana wangu," akasema, "huyu tangu azaliwe hajawahi kumaliza chai isiyo na sukari. Mimi sina swali lingine."