Geji ya Gari la Mikate

Fundi alianza kazi asubuhi kama siku zote. Alifagia gereji, akawasha gari la kwanza, kisha akainama nyuma ya ekzosi na kunusa moshi. Kwa tabia hiyo watu walimwita Pua.

"Baba watoto, toa kichwa huko," mkewe alisema huku akipanga plagi kwenye rafu. "Hata mto wako unanuka ekzosi."

Dada mdogo wa Pua aliingia na gari lake. Gari hilo lina turbo, yaani feni ndogo inayosukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hulitumia kupeleka mikate kwenye maduka ya mlimani. Mwezi uliopita Pua alirekebisha kiasi cha petroli yake kwa kunusa moshi. Siku tatu baadaye, pistoni moja iliyeyuka katikati ya mlima. Dada alibeba mikate mikononi hadi dukani. Pua alimfungia pistoni mpya. Sasa ilibaki kurekebisha petroli inayoingia kwenye injini.

"Sikulaumu, kaka," dada alisema. "Lakini ikiyeyuka tena, sina gari wala kazi. Safari hii pima."

"Kwani pua haipimi?" Pua aliuliza.

"Hiyo ni ya kupimia mchuzi, wifi," mkewe alimwambia yule dada. Wote wakacheka. Pua alicheka kidogo tu.

Alikwenda duka la spea. Muuzaji alimpa geji mbili za kubebeka, yaani vifaa vya kupima petroli kwa kusoma moshi wa ekzosi. Akamwambia achague nyumbani, moja airudishe. Ya kwanza ilikuwa nzuri, yenye taa za rangi. Ya pili ilikuwa kisanduku cheusi chenye namba tu. Pua aliipenda ya taa.

Kabla ya kuamua, alizipeleka kwa jirani yao. Jirani huyo anafundisha ufundi wa magari chuoni, na watu humwita Mwalimu. Alikuwa anaanika nguo. Alifuta mikono, akamtolea kiti, ndipo akazitazama geji.

"Hii ya taa inajua jambo moja," alisema. "Inakuambia petroli imezidi au imepungua. Haikuambii kwa kiasi gani. Kwa turbo, kiasi ndicho tunachokitaka. Petroli ikipungua wakati turbo inasukuma, moto unazidi, pistoni inayeyuka."

"Na hiki kisanduku?"

"Kinasoma namba kamili, na kinasoma haraka. Pia kinaweka kumbukumbu. Sensa yake, yaani kile kipande kinachoingia kwenye ekzosi kusoma moshi, ikifa, unanunua sensa peke yake. Je, ekzosi ya gari ina tundu la kufungia sensa?"

"Lipo, karibu na turbo."

"Vizuri. Ifunge hapo, kabla ya kichujio cha moshi. Hakikisha bomba halivuji. Hewa ya nje ikiingia, namba itakudanganya. Na usiache sensa ndani ya ekzosi wakati injini inawaka na geji imezimwa. Itaharibika."

Pua aliirudisha ile ya taa, akafunga sensa ya kisanduku kwenye ekzosi ya gari la dada.

Mchana huohuo walikwenda kwenye barabara tupu iliyonyooka. Mwalimu alikubali kwenda nao. Dada aliendesha, macho yake barabarani. Pua alikaa pembeni na kisanduku mapajani. Turbo ilianza kusukuma. Namba ikasoma 13.2, kisha 13.9.

"Inapanda," Pua alisema kwa furaha. "Petroli ni nyingi. Nitaipunguza."

"Toa mguu kwenye mafuta, mwanangu," Mwalimu alimwambia dada kwa sauti ya chini. Gari likapunguza mwendo, likasimama.

Pua alishangaa. "Nimekosea wapi?"

"Ukichanganya saruji, unaweka ndoo ngapi za mchanga kwa mfuko mmoja?"

"Inategemea. Tuseme kumi na mbili."

"Ukiweka kumi na nne?"

"Ukuta utakuwa dhaifu. Saruji itakuwa imepungua."

"Basi namba hii ni kilo za hewa kwa kilo moja ya petroli."

Pua alitazama kisanduku, kisha akamtazama dada yake.

"Kwa hiyo namba ikipanda, petroli inapungua," alisema polepole. "Nilitaka kuipunguza tena. Ningeiyeyusha mara ya pili, wewe ukiwa unaendesha."

"Hujaiyeyusha," dada alisema. Alifungua chupa yake ya maji, akampa kwanza yeye.

"Nimesoma kwenye kitabu cha injini hii," Mwalimu alisema. "Turbo ikisukuma kwa nguvu, inataka kati ya 11.5 na 12. Injini nyingine ina namba yake. Uliza kabla ya kugusa."

Kupitia kompyuta ya injini, Pua aliongeza kidogo petroli inayoingia. Wakajaribu tena. 12.6. Akaongeza kidogo. Wakajaribu mara ya tatu. Turbo ilisukuma, namba ikakaa 11.8. Haikuyumba.

Kesho yake Pua alipanda mlimani na dada yake. Gari lilijaa mikate. Kwenye kona ya mwisho, ambako mlima ni mkali zaidi, Pua alikikazia macho kisanduku. Walipofika dukani, Pua alifungua kumbukumbu ya geji. Namba kubwa kuliko zote, turbo ikisukuma, ilikuwa 11.9.

"Inasemaje?" dada aliuliza.

"Inasema shusha mikate."

Dada alifungua mlango wa nyuma. Mikate ya kreti ya kwanza ilikuwa bado ya moto.