Viatu vya Ijumaa

Jumanne ile Domitille aliamka kama siku zote, akafagia uwanja, akachemsha chai, akaketi kuchambua maharagwe huku mumewe akihangaika na viatu. Tharcisse alikuwa na jozi moja tu ya viatu vya heshima, vyeusi, na kisigino cha kushoto kilikuwa kimebanduka tangu Pasaka. Alikata kipande cha tairi kuukuu la pikipiki, akakipigilia misumari, kisha akakanyaga vumbi jekundu kukijaribu. Alama ikatoka: mguu wa kulia laini, mguu wa kushoto meno ya tairi.

"Na hii njo utaenda nayo mbele ya juge?" Domitille akamcheka. "Batasema pikipiki imepita."

"Baseme. Siku ya Ijumaa kwa mahakama bataita jina yangu, mi nitaitika. Ni ile tu njo kazi yangu."

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo kweli, na uzito wake aliujua. Mwilu ilikuwa kijiji cha nyumba mia na ushee, nje kidogo ya Kolwezi, na chini ya mihogo yake kulikuwa na shaba. Kampuni iliyoitaka ilikwisha kupata saini za wengi, kwa ahadi, kwa vitisho, na kwa mbwa waliofunguliwa minyororo. Waliokataa walimchagua Tharcisse, mwalimu mstaafu, awasemee. Hati ya zamani ya ardhi, yenye muhuri, iliandikwa kwa jina lake. Ijumaa akisimama mahakamani akaitika, matingatinga yangezuiwa. Asiposimama, kijiji kingekwenda, pamoja na makaburi yake, pamoja na kaburi la Glodie, binti yao.

Aliyekuwa msemaji kabla yake, Josias, walinzi wa kampuni walimvunja miguu yote miwili mchana kweupe mbele ya shule, wanafunzi wakitazama. Polisi waliandika kwamba alitumbukia shimoni. Mtu akivunjwa Kolwezi, shimo la kusingiziwa halikosekani.

Jumatano asubuhi Domitille alifungua geti akakuta matawi ya mchikichi yamesimikwa huku na huku. Hapo hakuna wa kuuliza maana. Matawi getini ni msiba: pita taratibu, ndani kuna kilio.

Tharcisse aliyang'oa akicheka, kicheko kifupi, akawatupia mbuzi. Mbuzi wakayanusa, wakarudi nyuma hadi ukutani. Hakuna aliyeonja hata jani.

Saa hiyo hiyo akapita Séraphin, jirani yao wa miaka yote, ambaye sasa alivaa kofia nyeupe ya kampuni na kubeba maneno ya wakubwa. Alinyoosha mkono juu ya ua.

"Mama Domitille, pole sana."

Domitille, kwa adabu aliyolelewa nayo, alikwisha kuinua mkono. Tharcisse akaudaka hewani, akamvuta mkewe ndani, akafunga mlango. Akaegemeza mgongo mlangoni, mwanamume ambaye hakukimbia hata mbele ya mbwa.

"Sikia muzuri," akanong'ona. "Nkambo wangu, ule babu wa Sandoa, alinielezaka. Kuko bantu banajua kulilia mutu mbele akufe, angali muzima. Banakuya, banaikala, banalia, banangojea. Kilio yenye haina mwenye kupokea, ni makelele tu. Lakini mwenye nyumba akishika mukono, akisema aksanti, njo basi. Lufu inaingia, mutu anakufa."

"Na mi nifanye nini?"

"Mukono yako ikale ndani ya kikwembe. Mutu yeyote asikushike, hata ni ndugu. Mpaka Ijumaa tu, Domi."

Alhamisi matawi yalikuwa yamerudi, mabichi, yakitoa maji. Saa tatu ikaja pikapu isiyo na namba, vijana wakashusha turubai na viti vya plastiki, wakavipanga uwanjani bila kuomba ruhusa.

"Ni kilio ya nani?" Domitille akauliza.

Kijana alisoma kikaratasi. "Ya Tata Tharcisse Mukalay."

"Mi niko hapa!" Tharcisse akapaza sauti kutoka mlangoni. "Niangalie! Ni mi huyu!"

Kijana akapanga kiti kingine.

Kisha wakaingia wanawake. Kumi na wawili, vikwembe vya kitenge vimefungwa kiunoni, miguu mitupu yenye unga wa kijani kama wa mawe ya shaba. Domitille hakumjua hata mmoja. Walitandaza mikeka, wakalia. Na walilia vizuri, Mungu awasamehe. Walimlilia Tharcisse kwa jina alilopewa na mamaye, jina ambalo hata kanisani halikujulikana. Walimlilia kovu lake la goti. Walilia kwamba amekufa kabla viatu havijang'aa.

Tharcisse aliwapita, akawapungia mikono usoni. Hakuna jicho lililosogea. Akaingia ndani, akaketi kitandani, akafungua kopo la dawa ya viatu. Domitille akasikia brashi. Shwa. Shwa. Shwa. Sauti hiyo ikampa moyo. Maadamu ilisikika, mumewe yupo.

Mama Mushiya, jirani wa upande wa pili, akaja mbio akilia, akafika mlangoni, akachungulia ndani, akakauka. "Lakini huyu iko muzima!" akasema kwa sauti ndogo. Kisha akawatazama wale wanawake, akakimbia, wala hakuja tena.

Jua likawa kali. Domitille alisimama mlangoni, mikono ndani ya kikwembe. Kila aliyemkaribia na pole alimgeuzia mgongo. Mmoja. Wanne. Tisa. Kumi na mmoja. Mabega yalimuuma, lakini nyuma yake brashi iliendelea.

Wa kumi na mbili alikuwa mzee sana. Huyu hakulia. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango, akapumua, akazungumza kwa upole.

"Mama, mi sikukuya juu ya tata. Mi nilikuya juu ya mutoto. Glodie."

Domitille akageuka.

"Alikufa na homa, si njo vile? Miaka tatu sasa. Alikuwa na robe ya jaune, yenye ulimushonea mwenyewe. Mi nilikuwa Dilolo, sikufika. Kila siku roho inaniuma. Pole, mama. Pole ya mutoto."

Gauni lile la manjano Domitille alilizika pamoja naye. Miaka mitatu hakuna aliyemtajia. Watu walimtajia ardhi, hati, mahakama, na yeye alimeza kilio chake kwa sababu vita vilikuwa vikubwa kuliko mtoto mmoja. Machozi yakamshinda. Mkono ukatoka wenyewe.

"Aksanti, mama," akasema.

Kiganja cha bibi kilikuwa na majimaji. Kilimbana kidole gumba, kwa nguvu, mara moja.

"Amepokea," akasema bibi.

Kilio kikakatika. Wanawake wote wakasimama, wakakunja mikeka.

Ndani, brashi ilikuwa imenyamaza.

Domitille aliingia akiita. Kopo lilikuwa wazi kitandani. Shuka lilikuwa na joto. Dirisha lilikuwa na vyuma. Viatu havikuwepo. Tharcisse hakuwepo.

Saa nane pikapu ikarudi na jeneza lililopigiliwa misumari. Séraphin alitembea mbele, kofia mkononi.

"Mufungue," Domitille akasema. "Nimuone."

"Mama," Séraphin akanong'ona, bila kumwangalia, "pole ulishaipokea."

Walimzika kando ya Glodie. Jeneza likiteremshwa Domitille akasikia kitu ndani yake. Si kubisha. Si kuita. Shwa. Shwa. Shwa. Akapiga kelele, akajirusha kwenye udongo, akawasihi wasikilize. Wanawake wakaanza kulia upya, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka shimo likajaa.

Ijumaa alikwenda mahakamani peke yake. Aliketi nyuma, udongo ungali kwenye kucha. Karani akaita jina. Akaita mara ya pili.

"Mukalay Tharcisse!"

"Niko!"

Domitille aliruka. Sauti ilitoka mbele, karibu na meza ya hakimu, sauti ya mwalimu anayetaka darasa zima limsikie. Hakuna aliyegeuka. "Niko! Niko hapa!" Hakimu akaandika: marehemu. Wakili wa kampuni akatoa karatasi, mjane ameridhia ardhi itolewe.

"Mi sikutia saini!" Domitille akalia.

Walimwonyesha. Chini ya karatasi kulikuwa na alama ya dole gumba, ya buluu, mbichi bado. Akatazama kidole chake. Kilikuwa cha buluu hadi kwenye ukucha.

Mwilu leo ni shimo, na Glodie yumo, popote alipomwagwa. Domitille anauza maharagwe upande wa Kingamyambo, anapima kwa mkono wa kushoto. Kile kidole amekisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa kisu. Buluu iko palepale.

Mwanamke anayefagia mahakama ile, Marlène, huja kununua kwake. Kila Ijumaa asubuhi, anasema, kabla milango haijafunguliwa, hukuta nyayo nyekundu zimetoka mlangoni hadi mbele ya meza ya hakimu. Hakuna za kurudi. Anazipiga deki, na wiki inayofuata ziko tena.

"Mutu moja tu," Marlène akamwambia, akipokea maharagwe yake. "Lakini mama, ni mutu gani huyu? Muguu ya kuume ni ya kiatu. Ya kushoto ni ya pikipiki."