Maji ya Kijani ya Mama Marta

Damari wa Ilomba hakupenda uchafu. Kabla jua halijatoka, ua wake ulikuwa umeshafagiwa. Mimi jirani yake nilifuta miguu mara mbili kabla ya kuingia kwake, na bado aliiangalia.

Mwaka 1956 mumewe, Jailos, alichimba bwawa la samaki karibu na mfereji. Alitia perege wadogo na samadi ya ng'ombe. Baada ya majuma matatu maji yakawa ya kijani.

"Baba Marta, umeniletea dimbwi la vyura," Damari alisema.

"Mabwawa ya wenzetu ndivyo yalivyo."

"Ya wenzetu si ya kwangu."

Alizoa samadi yote, akafungulia mfereji. Maji ya kijani yakatoka, mapya yakaingia. Kila Jumamosi alifanya hivyo, ili Jumapili imkute safi. Alipoona maji yanang'aa alifurahi sana. Akamwandikia barua binti yake Marta, aliyeolewa Iringa: "Krismasi uje na mtoto. Uje na wakwe zako pia. Watakula samaki wa bwawani kwangu."

Septemba Jailos alitupa wavu. Masikini, samaki walikuwa wamekonda, vichwa vitupu. Wengine walikuwa na ukungu mweupe kwenye mapezi. Wanne walikuwa wamekufa. Damari aliketi kwenye matope, na gauni lake safi.

"Barua nimeshatuma," alisema. "Wakwe nitawalisha nini, miiba?" Machozi yalimlengalenga. Nilimhurumia.

Kesho yake Jailos alimwita Bwana Samaki, Tadeo, mtaalamu wa serikali wa mabwawa. Alikuja na baiskeli. Alichuchumaa, akazamisha mkono mpaka kiwiko. Vidole vyake vyote vilionekana.

"Maji haya yanafaa kufulia," alisema. "Samaki wanakula nini humu?"

"Nilitoa uchafu tu," Damari alijibu.

"Ulitoa chakula, mama. Ule ukijani ni mimea midogo mno. Kila mmea ni punje moja, hauna mzizi wala jani. Punje moja huwezi kuiona kwa macho. Zikiwa nyingi, ndipo maji yanakuwa ya kijani."

"Na ukungu huu?" Jailos aliuliza.

"Ukungu hupenda samaki dhaifu. Ndani ya ukijani ule kuna chakula na vitamini. Samaki akishiba, mwili wake unapata nguvu ya kujikinga na magonjwa, kama mtoto anayekula mboga za majani."

"Kumbe mimi ndiye niliyewaua."

"Kwa ufagio," Tadeo alisema, akacheka. Damari naye akacheka bila kupenda.

Tadeo aliwaonyesha la kufanya. Walifukia samaki waliokufa. Walifunga mfereji, wakawa wanaongeza maji yakipungua tu. Kwenye kona ya bwawa walizungushia vijiti, wakajaza samadi na majani.

"Zamisha mkono mpaka kiwiko," Tadeo alimwambia Damari. "Usipoviona vidole, maji yako tayari. Vikipotea mkono ukizama kidogo tu, ukijani umezidi. Hapo acha samadi kwanza. Na maji haya ni ya samaki. Msiyanywe."

Jumamosi zilizofuata zilimtesa Damari. Siku moja nilimwona ameshika ubao wa kufungia mfereji, ameukodolea macho. Kisha akauacha, akaenda kufagia ua mara ya pili.

Krismasi Marta alifika na mtoto mgongoni. Wakwe zake walikuwa nyuma yake, Mzee Kalinga na mkewe Matilda. Perege walikaangwa, wapana kuliko kiganja. Mzee Kalinga alifyonza mifupa mpaka ikawa myeupe. Tulicheka, tulikula, mtoto alipita mikononi mwetu sote.

Ndipo Matilda akaomba kuliona bwawa. Alipolifikia alisimama, akakunja uso.

"Mama Marta, wale samaki wametoka humu?"

Damari alikunja mkono wa gauni lake la kanisani. Aliinama, akazamisha mkono mpaka kiwiko.

"Mkwe wangu, unaviona vidole vyangu?"

"Sivioni hata kimoja."

"Basi turudi ndani," Damari alisema, akijifuta mkono kwa gauni lilelile. "Sahanini wamebaki sita."